Rubani Asiyetaka Kuhama Kamina

Msomaji uliyemwacha Chancelvie Kaumba akichezewa ngoma kwenye kampi ya reli, kofia mpya ya urubani kichwani, kaa vizuri. Furaha ile haikufika hata mwisho wa msimu wa mvua.

Na wewe unayeshika gazeti hili kwa mara ya kwanza, hujachelewa. Chancelvie ni binti wa reli. Baba yake alikufa akiwa mtu wa reli, na bwana yake, Kapenda, ni mashinisti, ndiye anayeendesha treni ya Kabongo. Yeye mwenyewe alikaa miaka kwenye gare, stesheni ya Kamina, akielekeza treni kwa redio: hii ingoje, ile ipite. Treni zikaanza kupungua. Siku nyingine alishinda na redio mkononi, hana wa kumwambia hata neno. Ndipo akaenda kusomea urubani, mama mzima mwenye mtoto bweni kwa masista, na watu wakamcheka mpaka wakachoka.

Kampuni moja ndogo, Mabawa ya Lomami, ikamchukua awe kopilote, msaidizi wa rubani mkuu. Akaweka sharti moja tu: hahami Kamina. Mwenye kampuni, Bwana Kabamba, akakubali. Ndege moja ikawa inalala Kamina, inakwenda Lubumbashi asubuhi na kurudi jioni.

Sababu ya sharti hilo ilikuwa imelala nyumbani kwake, chumba cha nyuma. Mama Albertine, mama yake mzazi, alikuwa amepooza upande mmoja wa mwili. Kugeuzwa, kuoshwa, kunyweshwa maji, yote Chancelvie. Na mama alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima kwamba atafia Kamina, azikwe kando ya mume wake. Chancelvie alilichukua neno lile kama amri.

Sasa twende.

Jumatatu asubuhi Chancelvie alifika kiwanja cha ndege akiwa amepiga pasi shati lake jeupe. Komanda Nkulu, rubani mkuu, alikuwa amesimama chini ya bawa. Huyu Nkulu alikuwa mwanajeshi zamani, familia yake ingali inakaa Base, kambi ya jeshi. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Chancelvie, leo usipande."

"Juu ya nini, Komanda?"

"Patron Kabamba alinipigia. Anasema upumzike. Na kuanzia Jumapili ndege itakuwa inalala Lubumbashi. Hapa Kamina itakuwa inapita tu."

Chancelvie akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Nkulu hakucheka.

"Kuna muntu alimuambia kama ulilala mu ndege."

Kicheko cha Chancelvie kikakatika. Maana ilikuwa kweli.

Wiki iliyotangulia, juu ya maji ya Upemba, usiku wake wote ukiwa umeishia kitandani kwa mama, kichwa chake kilianguka kifuani. Usukani ulikuwa mikononi mwake. Alichokumbuka ni sauti ya Nkulu tu: "Amuka!" Abiria nyuma hawakujua kitu. Nkulu naye hakuligusa tena jambo lile.

Watu wawili tu walijua. Mmoja alikuwa yeye.

"Kumbe njo weye, Komanda! Unanikulia chumvi mu nyumba yangu, kisha unaenda kuniuzisha kwa patron!"

"Minyi?" Nkulu akakunja uso. "Kama nilikuwa nataka kusema, ningesema siku ile ile. Na ningefanya vizuri. Kunyamaza kwangu njo kosa. Muulize patron mwenyewe."

Chancelvie alimpigia Kabamba palepale, bibi mmoja aliyeuza ndizi kando ya kiwanja akimtazama.

"Haiko Nkulu," Kabamba alisema. "Ni muntu wa mu nyumba yako. Jina sikuambii, nilimuapia. Mama Chancelvie, kampuni iko na nyumba ya marubani huku Lubumbashi. Kuya huku, ulale sawa bantu, kisha uruke. Ukikatala, nafasi nitapatia mwingine."

"Na mama yangu, patron?"

"Na abiria yangu, Mama?"

Simu ikakatika. Bibi wa ndizi akageuza uso.

Mtu wa nyumbani kwake! Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mgonjwa kitandani, na Kapenda.

Njia nzima ya kurudi kampi alikuwa akipanga maneno. Alikumbuka jinsi Kapenda alivyonyamaza siku ya ngoma. Alikumbuka jinsi anavyoitazama kofia ile ikining'inia msumarini, kama mtu anayetazama koti la mwanamume mwingine. Alipofungua mlango, maneno aliyoyapanga yalikuwa yamekwisha kuchemka.

Kapenda alikuwa mezani, anakula bukari, yaani ugali, na samaki mkavu kabla ya kwenda kwenye treni yake. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi.

"Umeshiba?" Chancelvie akauliza.

"Bado. Kuya tukule."

"Kula peke yako. Weye njo ulienda kumuambia Kabamba kama nililala juu. Umefurahi sasa? Ndege inaondoka. Kofia nitaitupa mu choo, nirudi kukaa ku gare nikiangalia reli tupu, njo vile ulikuwa unataka!"

Kapenda aliacha tonge hewani.

"Ulilala wapi?"

Chancelvie akamtazama vizuri. Uso wa bwana yake haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Ulilala mu ndege, Chancelvie? Na bantu ndani?"

"Ni mara moja tu..."

"Na haukuniambia! Minyi bwana yako, ninayeshika mashini kila wiki! Minyi nikisinzia, treni inafuata reli. Weye kule juu, reli yako iko wapi?"

"Sasa ningekuambia kwa nini? Ungesema nini? Ungesema niache!"

"Ningesema nitaamuka minyi, nimugeuze mama! Lakini hauombagi. Hauombagi muntu hata siku moja. Unabeba peke yako, kisha unatukasirikia juu hatukusaidii kubeba."

Akanawa mikono. Akachukua mfuko wake wa safari. Mlangoni aligeuka, akatazama chumba cha nyuma, kisha akamtazama mke wake.

"Minyi haiko niliyesema. Lakini aliyesema, Mungu amubariki."

Akaondoka. Mama Albertine kule ndani alikuwa amegeuzia uso ukutani. Chancelvie aliingia kumfunika, akamkuta amefumba macho. Akavuta shuka, akatoka. Angeuliza nini? Hata mawazo yake hayakumpeleka huko.

Mchana ule alirudi kiwanjani kuingoja ndege, amwombe Nkulu msamaha. Ndege ilipotua, Nkulu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Yaishe." Akaongeza, "Lakini jambo lenyewe halikwisha." Hata msamaha ule ukamwachia Chancelvie uchungu mdomoni.

Aliporudi nyumbani jua likizama, kitanda cha mama kilikuwa kitupu.

Shuka limekunjwa. Kitenge cha kanisani hakipo. Mkongojo wake wa zamani haupo kwenye kona.

Alipiga kelele iliyomtoa jirani yake, Débora, jikoni na mwiko mkononi.

"Usilie, usilie. Mama aliondoka na treni. Alituma muntu amuite Kapenda, bakasemezana. Kisha bantu ba reli bakamubeba na kiti mpaka ku wagoni. Anaenda Kabongo kwa mudogo wake, Mama Tshiala."

"Kabongo? Na mwili ule? Na Kapenda akakubali?"

"Alikatala. Mama akamuambia kama hamubebi, atatambaa mpaka ku gare, bantu bote baone." Débora akaubana mwiko kifuani. "Chancelvie, kuna na ingine. Wiki iliyopita mama aliniomba simu. Minyi njo nilimutafutia namba ya patron yako. Alisema anataka kumushukuru."

Chancelvie aliketi chini, palepale kwenye simenti.

Ikamrudia. Kesho yake baada ya ile safari ya Upemba, akiwa anamwosha mama mgongo, machozi yalimshinda, akaongea kama mtu anayeongea peke yake: *Jana nililala mu ndege, lolo, mama yangu. Ningeua bantu.* Mama hakujibu. Chancelvie alidhani amesinzia.

Akampigia Kapenda. Simu haikupatikana. Treni ilikuwa imekwisha kuingia porini, na porini hakuna mtandao. Alipiga tena, akapiga tena, mpaka kukapambazuka, hajafumba jicho.

Simu ikalia asubuhi, mwenyewe akiwa ameishika.

"Tumefika Kabongo," Kapenda alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama alianguka ndani ya wagoni. Kichwa kinamuuma sana, anatapika, na ule mukono muzima unaanza kutetemeka. Balimuingiza mu hospitali. Munganga anasema hapa hawana dawa wala mashini ya kumusaidia. Treni itamuua, Chancelvie. Leta ndege."

Leta ndege! Kama vile ilikuwa yake.

Jumanne haikuwa na safari ya abiria. Alimkuta Nkulu kiwanjani akikagua magurudumu. Nkulu alisikia, akampigia Kabamba, akaongea Kifaransa cha haraka, akakata.

"Patron amekubali. Mafuta yanatosha, tunaruka. Sasa niangalie mu macho. Barabara ya ndege ya Kabongo ni mbaya, na mawingu yanakuya. Nataka muntu wa kunisaidia. Ulilala?"

Uongo ulikuwa mfupi, neno moja. Ulikuwa umekwisha kufika kwenye ulimi. Kama angekaa kiti cha mbele, angejua kila kitu, angeshika, angefanya. Nyuma angekuwa nani?

"Sikulala, Komanda."

Nkulu akatikisa kichwa taratibu.

"Aksanti. Utakaa nyuma. Hii ndege nitaiweza peke yangu."

Basi binti yule aliyechekwa, aliyesoma na watoto wadogo kwake, akapanda ndege yake mwenyewe kwa mlango wa abiria. Akafunga mkanda. Kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu, na njia nzima alikitazama.

Mvua iliwapiga kabla ya Kabongo. Ndege ikatupwa huku na huku kama ungo. Mara mbili mikono ya Chancelvie iliinuka yenyewe kushika usukani, ikakuta hewa. Kisha mawingu yakapasuka, na kiwanja kikatokea chini, chekundu, maji yamesimama pembeni.

Kapenda alikuwa amesimama karibu na gari la hospitali, nguo zake za kazi zina mafuta. Ndani ya gari Mama Albertine alikuwa amelazwa kwenye godoro, na munganga kijana ameshika chupa ya maji ya dawa juu. Kwa mbali treni ilikuwa inaonekana kwenye gare, watu wameshajaa, inangoja kurudi Kamina. Inamngoja Kapenda.

"Minyi njo nilimubeba," Kapenda alimwambia mke wake kabla ya salamu. "Ukitaka kunitukana, tukana."

Hakumtukana. Alipita, akapiga magoti kando ya godoro.

"Lolo."

Mama akafungua macho. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, polepole, lakini akili ilikuwa nzima.

"Minyi njo nilisema kwa patron yako."

"Nilijua, lolo. Nyamaza."

"Sinyamaze. Nilikuwa nasikia usiku kichwa yako ikipiga ukuta, usingizi ikikubeba umesimama. Nikawaza, huyu mutoto ataanguka na bantu, na sababu ni minyi. Nilisema nataka kufwa ku Kamina. Sikusema nataka nikuue na weye."

Chancelvie alilia bila sauti. Munganga akainama kwake.

"Mama, tusichelewe. Kamina ni karibu. Hospitali ya kule itamupokea, lakini mashini ya kuangalia kichwa hawana. Lubumbashi wanayo. Ila ni mbali. Safari ndefu ya hewani na kichwa ile, siwezi kukuapia atafika. Minyi siwezi kuamua. Familia muamue."

"Kamina," Kapenda alisema mara moja. "Karibu njo vizuri. Kesho nitafika na treni, nitakaa naye usiku, weye ulale. Tutapokezana."

Mama akauinua ule mkono wake mzima, unatetemeka, akashika shati la binti yake.

"Sirudie Kamina. Ukinipeleka Kamina, nitarudia ku kile kitanda, na weye utarudia ku ukuta. Nipeleke Lubumbashi. Nikipona, tutaikala kule, mu ile nyumba patron aliniambia. Nikikufwa, basi nimekufwa, na weye uko na kazi yako."

"Mama!" Kapenda akasogea. "Na minyi? Kazi yangu iko Kamina. Nyumba ni ya reli, iko Kamina. Mutoto yetu anasoma Kamina. Munaenda Lubumbashi, minyi munaniachia nani?"

Mlio wa treni ukasikika kutoka gare: msaidizi wake wa treni anamwita.

Walimpandisha mama. Viti vya nyuma vilikuwa vimeondolewa, godoro likaenea. Munganga naye akaingia na chupa yake. Kapenda alibaki nje, mkono wake umeshika mlango, mlango haufungiki.

"Chancelvie," alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Hii ndege ikigeukia Lubumbashi, nitajua kama umekwisha kuhama. Usinitafute tena ku Kamina."

"Unanifanyizia hivi leo? Mama yangu akiwa chini?"

"Na lini utanisikia? Siku gani? Niambie, nitangoja hiyo siku."

Nkulu alikuwa amekwisha kukaa mbele. Aligeuza shingo.

"Mawingu yanarudia. Nataka kutoka sasa. Kamina ao Lubumbashi?"

Chancelvie alimtazama mama yake. Jicho la upande mbovu lilikuwa linaanza kugeuka, weupe unaonekana. Alimtazama munganga, kijana wa watu, naye alikuwa anatazama chini. Akamtazama bwana yake, mafuta ya mashini kwenye paji la uso.

"Lubumbashi," alisema.

Mlio wa treni ukaja tena, mrefu, wa hasira.

Kapenda aligeuka kutazama gare. Babu yake alifanya kazi ya reli. Baba yake vilevile. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuiacha treni na watu ndani. Chancelvie aliuona mkono wake ukiachia mlango, na moyo wake ukasema: yamekwisha, amekwenda.

Kisha ndege ikainama kidogo upande mmoja, kama inavyoinama mtu mzito anapopanda.

Kapenda alikuwa ndani. Akauvuta mlango, akaubana kwa ndani, akaketi chini kwenye bati kando ya miguu ya mama. Hakumtazama mke wake.

"Kapenda! Na treni? Nani atarudisha bale bantu?"

"Shika mama kichwa. Kinacheza."

"Watakufukuza! Watakufunga!"

"Shika kichwa, nimesema."

Nkulu hakungoja zaidi. Ndege ikakimbia juu ya matope, ikanyanyuka, ikalala upande wa kusini, ikapita chini chini juu ya gare ya Kabongo.

Pale chini treni ilikuwa imesimama. Akina mama walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao kando ya reli, watoto mgongoni. Msaidizi alikuwa ametoa kiwiliwili chake kwenye dirisha la mashini, anatazama njia ya kiwanjani. Watu wakainua nyuso kuitazama ndege. Wengine walipunga mikono.

Kapenda aliegemeza paji lake kwenye kioo.

"Bale bantu banafikiri nakuya," alisema.